Wanafunzi mnaotengeneza filamu fupi: kabla ya kukodi kamera, tuongee kuhusu hadithi na sauti

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za majukumu.

Msimu wa miradi ya mwisho umeanza vyuoni, na meseji zimeanza kuingia kama kila mwaka: "Kaka, tunataka kutengeneza filamu fupi, tukodi kamera gani?" Nimeona badala ya kumjibu mmoja mmoja niweke hapa, wengi wasome, na wenye uzoefu waongezee.

Kazi yangu ni sauti. Nashika maiki kwenye seti, kisha nakaa na edita kusafisha maongezi. Kwa hiyo filamu za wanafunzi hunifikia mwishoni, zimeshashutiwa, hela imekata na waigizaji wamerudi makwao. Picha inavutia kabisa, halafu mtu anafungua mdomo na unachosikia ni feni, bodaboda na kunguru. Inaniuma, kwa sababu najua vijana wamejinyima kweli kupata ile picha.

Swali la kamera tulimalize hapa hapa. Chukueni simu yenye kamera nzuri kuliko zote kwenye kundi lenu, itafuteni stendi, basi. Hela ya kukodi kamera ipelekeni kwenye maiki, chakula na nauli. Kwenye hiyo simu fanyeni mambo machache: futeni lenzi kila mara (mafuta ya vidole ndiyo yanayoleta ule ukungu unaodhani ni ubovu wa simu), bonyezeni uso wa mwigizaji kwenye skrini mpaka fokasi na mwanga vijifunge, na pangeni fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Hilo la mwisho lina sababu. Umeme wetu ni wa hezi 50, na simu nyingi zinatoka dukani zimepangwa fremu 30. Ukishuti chini ya tyubulaiti au zile balbu za bei rahisi, unaona mistari myeusi inapanda na kushuka kwenye picha, na hakuna edita atakayeifuta vizuri. Kama programu ya kamera ya simu yako haikuruhusu kubadilisha hivyo, pakua nyingine inayoruhusu.

Sasa twende kwenye hadithi, maana hapo ndipo filamu nyingi zinapoanguka hata kabla ya kamera kuwashwa.

Skripti nyingi ninazotumiwa ni tamthilia ya msimu mzima iliyobanwa ndani ya dakika kumi. Binti anatoka kijijini, anakuja mjini kufanya kazi za ndani, anadhulumiwa mshahara, anapata mimba, anafukuzwa, miaka kumi inapita, anarudi na gari, anasamehe, maandishi yanatokea kuiasa jamii. Kila tukio hapo linapata dakika moja, na dakika moja haimtoshi mtazamaji kumjali mtu. Hesabu ya kazi ni kwamba ukurasa mmoja wa skripti iliyopangwa kitaalamu ni kama dakika moja ya filamu. Una kurasa nane? Hesabu una lokesheni (mahali pa kushuti) ngapi. Kila kuhama kunakula karibu nusu siku: kufunga vifaa, kutafuta bajaji, kuomba ruhusa upya, kupambana na mwanga mpya na kelele mpya. Kundi la wanafunzi lenye bidii linamaliza kurasa tatu au nne kwa siku likiwa halihami. Likihama, sahau.

Nichukue mfano niliowahi kuwapa vijana fulani wazo likiwa bado bichi. Madada wawili wanagawana khanga za marehemu mama yao baada ya arobaini. Chumba kimoja, sanduku moja, watu wawili, mwanga wa dirishani. Ndani ya sanduku kuna doti moja ambayo haijakatwa, bado vipande viwili vimeungana, karatasi ya bei imeganda kwenye pembe. Mama aliinunua na hakuivaa. Alimnunulia nani? Hilo swali peke yake linabeba dakika nane, kwa sababu kila dada ana jibu lake na hakuna anayetaka kulisema. Na mkasi uko pale pale kitandani.

Angalieni ulivyo na utajiri huo mzigo mdogo. Doti ni kitu kimoja ambacho kimeumbwa kukatwa katikati. Maandishi ya khanga yanaongea bila mwigizaji kuongea. Harufu ya udi huwezi kuishuti, lakini unaweza kumshuti mtu anapozika uso kwenye nguo na kutoutoa. Na yote yanapatikana nyumbani kwa shangazi wa mmoja wenu, bila kukodi chochote.

Rasimu ya kwanza ya wale vijana ilianza hivi:

"Dada Mwanaidi, kama unavyojua, leo ni siku ya arobaini na mbili tangu mama yetu mpendwa atutoke, na sisi ndio watoto wake wawili tuliobaki."

Hakuna ndugu anayeongea hivyo na ndugu yake. Anaongea na mtazamaji. Wakaandika upya:

"Hii ina karatasi ya bei bado."
"Rudisha."
"Alimnunulia nani?"
"Nimesema rudisha."

Maneno kumi na moja, na tayari unajua nani mkubwa, nani mdogo, na nani anajua kitu. Kwamba mama amefariki tutaliona kwenye sanduku. Fanyeni hivyo kwa kila mstari wa maongezi: kama mhusika anamwambia mwenzake jambo ambalo wote wawili wanalijua, futeni.

Haya, sauti. Hapa nitakaa kidogo.

Nendeni lokesheni siku ile ile ya wiki na saa ile ile mtakayoshuti. Kaeni chini, fumbeni macho, sikilizeni dakika kumi bila kuongea. Nyumba iliyokuwa kimya Jumapili asubuhi ina fundi grili jirani siku ya Jumatatu. Chumba chenye bati bila dari kinalia saa sita mchana bila mvua, kwa sababu bati linapanuka kwa joto na kupiga kelele za ghafla. Jueni nyakati za swala na za ibada mtaani hapo na mpange ratiba kuzizunguka. Adhana ikianza mnapumzika, mnakunywa maji, mnaendelea baadaye. Kunguru wa Dar wanazidi asubuhi na jioni, ndiyo saa ile ile mnayoipenda kwa mwanga. Chagueni: sini za kimya bila maongezi wekeni saa za kunguru, maongezi yawekeni katikati.

Pigeni kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia sauti inarudi na mlio kama wa bafuni, hicho chumba kina vigae na kuta tupu na kitawatesa. Leteni magodoro, mablanketi, mapazia mazito, yawekeni nyuma ya kamera na pembeni ambako hayaonekani. Nimeona sebule ya vigae ikageuka studio kwa magodoro matatu ya hosteli.

Friji izimeni. Weka funguo za nyumba au za pikipiki ndani ya friji kabla ya kuizima, hutaondoka bila kuiwasha tena, na mwenye nyumba hataozewa nyama. Feni zimeni, hata kama mnatoka jasho. Washeni kati ya teki na teki, yaani kila mnaposimama kurekodi.

Maiki iwe karibu. Shibri mbili au tatu kutoka mdomoni, haijalishi ni maiki ya aina gani. Maiki ghali iliyowekwa juu ya kamera mita tatu mbali inashindwa na simu ya kawaida iliyofichwa nyuma ya chupa ya chai mezani. Na hiyo ndiyo njia ya wasio na kitu: chukueni simu ya pili, iwekeni hali ya ndege, fungueni programu ya kurekodi sauti, ficheni karibu na mwigizaji au mfukoni mwa shati. Mwanzoni mwa kila teki mtu apige klapa, au makofi, mbele ya kamera, ili edita aoanishe sauti na picha. Kama mna maiki ya kubana kwenye nguo, ibaneni kwa plasta ili isichakarike. Kitenge kipya na khanga yenye wanga vinachakarika sana, vifueni kwanza. Kwa dada aliyevaa hijabu, jaribuni sehemu mbalimbali huku mtu anasikiliza, kwa sababu ikizikwa ndani sana sauti inakuwa nzito kama imefunikwa mkono.

Huyo anayesikiliza ni lazima awepo. Mtu mmoja, headphone masikioni, kazi yake hiyo tu, na muongozaji akubali kwamba huyu ana haki ya kusema "turudie." Kabla ya kuondoka kila lokesheni, watu wote wanyamaze na mrekodi dakika moja ya chumba kikiwa kitupu. Kila chumba kina ukimya wake, na edita atauhitaji kuziba mapengo.

Na tafadhali, sauti na video msitumiane kwa WhatsApp kama video za kawaida. Inazikandamiza. Tumieni flashi au diski ya nje (hard disk), au angalau tumeni kama dokumenti.

Naomba kuwasilisha. Wenye maswali karibuni.

#2

Mkuu, hili la hezi 50 limenitibu. Nimehangaika na ile mistari nikidhani simu imekufa.

#3

Shikamoo kaka. Mimi mwaka wa pili, tunashuti wiki mbili zijazo Dar. Sini yetu kubwa iko nje, ufukweni, mchana. Taa hatuna kabisa. Tufanyeje, na je, upepo?

#4 Mwanzisha uzi

Marahaba mdogo wangu. Kwanza ukubali kwamba jua ni taa kubwa kuliko zote mtakazokodi maishani, shida ni kwamba halipokei maelekezo. Huku kwetu karibu na ikweta saa sita mchana jua liko utosini. Dar kwenyewe mara mbili kwa mwaka, siku za mwanzo za Machi na karibu tarehe 10 Oktoba, linapita juu ya kichwa kabisa mpaka nguzo inakosa kivuli. Mwigizaji akisimama chini ya jua hilo macho yanakuwa mashimo mawili meusi na pua inamwaga kivuli mdomoni. Msishuti uso wa mtu juani kati ya saa nne na saa tisa. Muwekeni chini ya mwembe, kibarazani, chini ya turubai jeupe, na mumgeuze aangalie upande wenye anga wazi.

Ile rangi ya dhahabu ya jioni nayo haikai. Jua letu linashuka wima, giza linaingia upesi. Ukipanga sini ya kurasa mbili kwa ajili ya machweo utapata teki moja ya haraka na nusu ya pili gizani. Panga shoti moja tu ya machweo, zilizobaki fanya mapema.

Kwa ngozi zetu, tatizo kubwa ni kumweka mtu mbele ya dirisha au anga jeupe na kuiacha simu iamue. Simu inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, uso unakuwa kivuli. Mgeuze mwigizaji dirisha liwe pembeni yake, kisha upande wa giza msimamishie kitu cheupe: shuka, boksi la styrofoam la samaki, lile kava la rangi ya fedha la kuzuia jua kwenye gari. Utaona uso unafunguka. Na paka mafuta kidogo, ngozi yenye mng'ao kiasi inashika mwanga vizuri. Poda nyeupe ndiyo inayoleta rangi ya majivu.

Ufukweni: kama mnashuti katikati ya mwaka, kusi linavuma na hakuna maiki ya mwanafunzi itakayoshinda. Shutini kwa mbali watu wakitembea, maongezi rekodini mara tu mkimaliza, ndani ya gari lililofungwa vioo au nyuma ya ukuta, waigizaji wakiwa bado wana pumzi ile ile. Au hamisheni maongezi, ufukwe ubaki na ukimya. Mara nyingi sini inakuwa bora.

#5

Mkuu nakubaliana na mengi ila hapo kwenye "hadithi ndogo" napinga. Watu Wote ilikuwa filamu ya wanafunzi, Kiswahili na Kisomali, ikafika mpaka kuteuliwa Oscar. Ina basi, jangwa, magaidi, abiria kibao. Mbona unawafungia vijana chumbani na sanduku la khanga?

#6 Mwanzisha uzi

Umeleta mfano mzuri, ahsante. Ni kazi ya Katja Benrath na wenzake wa Hamburg Media School, filamu yao ya kuhitimu, ya mwaka 2017, dakika 22, na uteuzi ulikuja 2018. Chanzo chake ni tukio la kweli la Desemba 2015 karibu na Mandera, ambapo abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na Wakristo ndani ya basi.

Lakini iangalie tena ukiwa na kalamu. Tunamfuata nani? Mwanamke mmoja Mkristo mwenye jeraha na chuki yake. Muda ni wa safari moja. Ndani ya basi lile lile lenye watu aliowaogopa ndimo anamookolewa. Hiyo ni hadithi ndogo iliyowekwa mahali pakubwa, haikuanza utotoni kwake na haikuishia kwenye harusi. Walikuwa na bajeti na timu ya kuubeba huo ukubwa wa nje. Kundi lenye basi, dereva aliyekubali na siku za kutosha, waende. Ninachokipinga ni kuwa na mabasi matano kwenye skripti na nauli ya watu wawili mfukoni.

Halafu sebule siyo kifungo. Watu wanaachana, wanasameheana na kudanganyana sebuleni. Nenda kawasikilize mama na binti wakichambua mchele siku ambayo kuna barua ya posa mezani.

#7

Naomba niongezee upande wa waigizaji, maana hapa wanaume mnaongea vifaa tu. Mimi ni mwigizaji, nimeanzia jukwaani.

Wengi wetu tumefundishwa kuigiza kwa ukumbi: sauti ifike nyuma, mkono ufike juu. Kamera iko hapa usoni, haihitaji hivyo. Muongozaji mwanafunzi akimwambia mtu "weka hisia" anapata machozi na kupiga kelele. Usiseme "weka hisia." Mpe kazi ya mikono. Mwambie, "Kunja hizi khanga zote, na usimruhusu mdogo wako aone kwamba unatetemeka." Hapo uso utafanya kazi yenyewe.

Fanyeni mazoezi kabla, kwenye chumba kile kile kama inawezekana, na mkae mkila pamoja. Waliokutana asubuhi ya kushuti wakaambiwa wao ni mtu na mkewe miaka ishirini, tunawaona hata namna wanavyopishana mlangoni.

Waacheni watu waongee wanavyoongea. Bibi wa Tanga akilazimishwa Kiswahili cha taarifa ya habari anakufa machoni. Mpe maana ya mstari, aseme kwa maneno yake, kisha mwandike alivyosema.

Na chakula. Kama huwezi kunilipa, nilishe kwa wakati na unirudishe nyumbani salama. Wali maharage wa moto saa saba kamili unaokoa sini za jioni. Niliwahi kushinda kwa chai na maandazi mpaka magharibi, na ile sini ya mwisho inaonyesha.

#8 Mwanzisha uzi

Dada umemaliza. Hilo la "mpe kazi ya mikono" wote waliandike. Na mimi natetea chakula kwa mikono miwili: kwenye bajeti andikeni chakula na usafiri mstari wa kwanza, vifaa mstari wa pili.

#9

Samahani wakuu, vibali je? Tunasikia ukishuti barabarani unakamatwa. Na tunataka kutumia wimbo wa taarab wa zamani kwenye sini ya mwisho, tutaandika tu jina la msanii mwishoni.

#10 Mwanzisha uzi

Tanzania Bara filamu zinasimamiwa na Bodi ya Filamu chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976. Msikwepe. Chukueni barua ya chuo inayoeleza kwamba ni kazi ya masomo, mwende nayo Bodi muulize utaratibu wa wanafunzi ukoje kwa sasa, mapema kabla ya siku ya kushuti. Zanzibar wana chombo chao, BASSFU, baraza la sanaa na filamu la huko. Kisha shukeni chini: mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mjumbe wajue. Mjumbe anayejua ndiye atakayewatetea majirani wakianza kuuliza. Ukitaka droni, TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) wana masharti yao, na kwa dakika nane zenu nawashauri muiache.

Kuna mambo msiyafanyie mzaha. Nguo zinazofanana na sare za jeshi raia haruhusiwi kuvaa, hata kwa kuigiza tu mtaani bila ruhusa. Sini yenye bunduki ya bandia au wizi, watangazieni majirani wote kwanza. Mtu akipiga kelele za "mwizi" mtaani kwetu, watu hawaulizi kama ni filamu. Namaanisha hilo kabisa, kuna mtu anaweza kuumia. Mtoto akiigiza, mzazi asaini na awepo.

Wimbo: kuandika jina la msanii mwishoni hakukupi haki. Kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndio wa kuwauliza. Hata wimbo unaosikika kwa mbali kwenye redio ya jirani wakati mnashuti unawaletea shida mbili: haki, na edita hawezi kukata bila wimbo kuruka. Tafuteni mwanafunzi mwenzenu anayepiga udi, gambusi au gitaa, arekodi kitu kipya, muandikishane karatasi inayosema mnaruhusiwa kukitumia wapi na mpaka lini.

#11

Hamjambo kutoka Mombasa. Huku Kenya wenzangu waanzie Kenya Film Commission kwa mambo ya leseni ya kushuti, na KFCB, bodi ya kuainisha filamu, ndio hupanga filamu kwa umri kabla ya kuonyeshwa hadharani. Sisi tulienda na barua ya chuo na tukasaidiwa vizuri. Swali langu ni la uhariri: kompyuta yangu ni dhaifu, ikiona video ya 4K (ile ya ubora mkubwa) inaganda. Na je, tukimaliza tuweke YouTube au tamasha kwanza?

#12 Mwanzisha uzi

Karibu sana ndugu wa Mombasa.

Kama kompyuta ni dhaifu na hamna sababu maalum, shutini 1080p, ubora wa HD ulio chini ya 4K. Ukumbi wa chuo hautajua tofauti, na faili ni jepesi mara kadhaa. Kama tayari mmeshuti 4K, tengenezeni nakala nyepesi za kuhariria. Programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve, ile ya bure, inafanya hivyo, unahariri na nakala nyepesi kisha mwisho inarudi kwenye zile halisi. Simu nayo inaweza kuhariri filamu fupi, lakini kusafisha sauti kwenye simu ni kazi ngumu, hiyo afadhali muombe kompyuta ya mtu siku mbili.

Mkato wa kwanza utakuwa mrefu na utauona mbaya. Kawaida. Mpe mtu asiyeijua hadithi aitazame, wewe usimtazame yeye usoni wala usieleze chochote, angalia tu anaposhika simu yake. Hapo pana shida. Halafu jaribu kuondoa sini ya kwanza nzima. Filamu nyingi za wanafunzi zinaanza na mtu anaamka, anapiga mswaki, anafunga mlango, anatembea. Ukizikata, hadithi inaanza pale alipofika, na hakuna atakayezikumbuka. Wale wa khanga walikata mwanzo wote wa msiba, filamu ikaanzia mikono inapofungua sanduku.

Tamasha kwanza, YouTube baadaye. Baadhi ya matamasha yanakataa filamu ambayo tayari iko wazi mtandaoni, soma masharti ya kila moja. Kwetu pwani kuna ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, linafanyika Unguja tangu 1998, na Ngome Kongwe ndio uwanja wake. Kwenda tu kukaa pale usiku ukaangalia filamu fupi za wenzako kunakufundisha kuliko video nyingi za mafunzo. Kwa urefu, Oscar wanahesabu filamu fupi mpaka dakika 40 pamoja na majina, lakini wapangaji wa ratiba wanapata nafasi ya dakika nane kwa urahisi kuliko ya dakika 30. Tafsiri ya maandishi ya chini kwa Kiingereza mpeni mtu anayeweza lugha zote mbili kweli, msiiache mashine peke yake. Methali ya bibi ikitafsiriwa neno kwa neno, ukumbi wa wageni unabaki kimya mahali ambapo sisi tunacheka.

#13

Kaka ni mimi wa #3. Tumekaa usiku huu kama kundi, tumeondoa ufukwe, tumebaki na kibaraza na chumba. Skripti imetoka kurasa 14 mpaka 7. Naweza kuiweka hapa uisome?

#14 Mwanzisha uzi

Iweke mdogo wangu, nitaisoma kesho usiku nikitoka kazini, na dada wa #7 naomba naye aipitie upande wa maongezi. Wakati mnasubiri fanyeni mambo mawili. Mmoja aende kwenye hicho kibaraza saa ile mtakayoshuti akasikilize. Na tafuteni sehemu mbili tofauti za kuhifadhia kazi: kila jioni kabla ya kula, video na sauti zote zinakiliwa kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje, ambavyo vinalala nyumba mbili tofauti. Kadi isifutwe mpaka mtu wa pili afungue faili moja moja na kuhakikisha zinacheza mpaka mwisho.